Kiti cha Kisogo

Kwenye chama chetu mimi naitwa Msasa, na jina hilo sikupewa kwa kupendwa. Nilipewa na kinyozi mmoja, siku aliyofungasha meli yake ndogo ya plastiki ndani ya boksi la viatu na kuapa kwamba hatatukanyagia tena mlangoni. Nilikuwa nimemwambia kwamba ile meli imepakwa rangi kama ukuta wa choo cha stendi, na kwamba kama vichwa vya watu anavinyoa hivyo hivyo, basi nimeshaelewa kwa nini mji umejaa kofia. Meli ilikuwa mbaya, hilo sitalifuta. Lakini kinyozi alikuwa ameihangaikia miezi minane, na alikuwa mtu mwema aliyetuletea karanga kila Jumamosi. Hakurudi, na karanga nazo zikaishia hapo.

Tukabaki wanne. Watu hutucheka eti ni watu wazima tunaochezea midoli, nasi tumeshazoea. Tunatengeneza vitu vikubwa kwa umbo dogo: malori, ndege, mabehewa, meli. Tunatumia plastiki, mbao laini na waya, na kila kitu kina kipimo chake. Ukisema moja kwa mia, maana yake sentimita moja mezani ni mita nzima huko duniani. Ukikosea milimita moja tu, umekosea sentimita kumi, yaani upana wa kiganja. Asiyejali milimita moja akatafute kazi ya kuchota mchanga.

Tunakutana Jumamosi mchana kwenye chumba cha nyuma cha fundi cherehani. Yeye ndiye mwenyekiti, kwa sababu meza ni yake: meza ndefu ya kukatia nguo, imejaa alama za chaki, na juu yake inaning'inia taa ya kuvuta kwa kamba. Wa pili ni mfamasia, mama mpole anayetengeneza ndege tu, na hata akikusalimia utadhani anakuelekeza dawa, mara mbili kwa siku baada ya chakula. Wa tatu ni dereva wa winchi, zile za minara mirefu zinazojenga maghorofa. Huyo tunamwita Bwana Juu, kwa kuwa miaka ishirini na mitatu ameitumia mita sitini kutoka ardhini. Wa nne ni mimi, fundi wa meno ya bandia. Jino likizidi kwa unene wa unywele, mwenyewe hafungi mdomo. Ndiyo maana sina subira na kazi za ovyo.

Tuna sheria tatu. Ya kwanza ni ya kiti cha kisogo. Mwenye kazi anaiweka mezani, kisha anakwenda kukaa kwenye kiti kilichoelekezwa ukutani, ametupa mgongo. Hatumwoni uso, naye hatuoni. Anasikiliza tu, haongei mpaka mwenyekiti aseme watu wamemaliza. Fundi cherehani aliitunga kutokana na wateja wake. Anasema mtu ukimtazama usoni atakuambia suti imemkaa vizuri hata kama kwapa linamkaba.

Ya pili, mkosoaji haruhusiwi kugusa kazi ya mwenzake kwa mkono. Anaonyesha kwa kijiti cha meno.

Ya tatu ni mpya, na ilitungwa kwa ajili yangu. Sifa kwanza, kasoro baadaye. Baada ya kinyozi kuondoka, mwenyekiti aliniita pembeni, futi yake ya kupimia ikiwa shingoni.

"Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," akaniambia. "Ukimfukuza mwingine kwa huo mdomo wako, na wewe utamfuata nje."

Hiyo ilikuwa mwezi wa pili. Nikaapa kwamba nimesikia. Nakipenda kile chumba kuliko ninavyopenda kukiri, na nyumbani kwangu hakuna anayenisubiri isipokuwa redio.

Mwezi wa tatu Bwana Juu akaleta lori. Maandishi ya mlangoni yalikuwa safi, unaweza kuyasoma kwa lenzi. Lakini vioo vya pembeni vilikuwa vimeganda mbele kidogo ya vishikio vyake, si juu yake, na ngazi ya nyuma haikugusa bodi. Gundi ilikuwa imejazwa kuziba pengo. Huyu ni mtu ambaye zamani ungezunguka kazi yake saa nzima ukitafuta mahali vipande vilipokutana, na usipaone. Nikajisemea, mbona kama kazi ya mtu mwingine? Neno lilifika kwenye ncha ya ulimi. Mwenyekiti akanikazia macho. Nikalimeza.

"Rangi imetulia sana," nikasema.

Wote wakafurahi. Mfamasia alinipigapiga mgongoni kama mgonjwa aliyemaliza dozi.

Sasa niseme habari za mdogo wangu. Ni kitinda mimba wa mama yetu, mtu mzima sasa, ana mke na watoto wawili, lakini kwangu bado ni yule niliyemfunga kamba za viatu. Anafanya kazi ya kufunga mizigo chini ya winchi ya Bwana Juu. Yeye ndiye anayezungushia minyororo kule chini, na yeye ndiye anayeupokea mzigo unaposhuka. Kazi hiyo alitafutiwa na Bwana Juu mwenyewe, kwa kuwa alimwona mara moja kwangu akampenda.

Mwezi wa tano boriti ya chuma ilishuka kwenye magogo ya kuilazia kabla mdogo wangu hajatoa mkono. Ilishuka ghafla kwa kiasi cha kiganja. Ilimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na cha mwisho. Kazini wakaandika kwamba ni upepo.

Siku ya tatu hospitalini aliniuliza, macho yake yakiwa juu ya bandeji. "Dada, wewe Bwana Juu unamjua kuliko mimi. Hivi ule ulikuwa upepo kweli?"

"Upepo," nikamjibu. "Basi ni nini kingine?" Nikampelekea kijiko cha supu mdomoni, akanywa.

Alikaa nje ya kazi wiki saba, kisha akarudi kule kule, chini ya ndoano ile ile.

Jumamosi ninayotaka kuisimulia ni ya mwezi wa tisa. Bwana Juu aliingia ametangulia, na nyuma yake mdogo wangu amekumbatia boksi refu kama anayebeba mtoto wa watu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuja chamani. Akapewa kiti mezani kama mgeni, akawa anatabasamu kila upande.

Ndani ya boksi kulikuwa na winchi. Winchi yao wenyewe, moja kwa mia, kazi ya miezi kumi na minne. Mnara wa sentimita sitini, wote umesukwa kwa vijiti vya plastiki vyembamba kuliko njiti za kiberiti. Mkono mrefu juu, chumba cha dereva, nyaya, na mwishoni mwa waya ndoano isiyozidi punje ya mchele. Chini ya ndoano alisimama mtu mdogo mwenye kofia ya kazi, hafiki sentimita mbili, ameinua mikono kupokea.

"Huyo ni mimi," mdogo wangu akasema. "Na amenirudishia vidole vyangu, angalieni!"

Tukacheka. Bwana Juu alicheka pia, kidogo, kisha akaenda kukaa kwenye kiti cha kisogo. Alikuwa mtu wa mabega mapana, na ukimwona kwa nyuma tu, shingo yake ilionekana imezeeka kuliko uso.

Mwenyekiti alianza. Alisifu miezi kumi na minne. Alisifu subira. Kasoro yake ilikuwa moja, kwamba rangi ya njano imekolea mno, na aliisema kama anayeomba msamaha. Mfamasia alisifu namba zilizoandikwa kwenye vile vizito vya zege vya nyuma, akasema hajawahi kuona mkono uliotulia namna ile. Kasoro hakuona.

"Na mgeni je?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi nitasema nini? Naona iko vile vile kama ya kazini," mdogo wangu akajibu. "Jumatatu tunashusha ngazi za zege, kumi na mbili, mimi nikiwa chini kupokea. Nitakuwa naiangalia nacheka peke yangu."

Wakati huo mimi nilikuwa nimeinama na kijiti changu cha meno, na nilikuwa sicheki tena.

Namba zilikuwa kweli zimenyooka. Mistari ya tahadhari, nyeusi na njano, haikuwa na doa. Kila kilichopakwa juu ya kitu bapa kilikuwa cha bingwa. Lakini kila kilichotakiwa kukutana na mwenzake hewani kilikuwa kimekosa. Kijiti cha mnara kilipita mbele ya kile kilichotakiwa kukishika. Kingine kilipita nyuma. Waya wa juu ulikuwa umegandishwa mbele ya tundu lake, na tundu lenyewe lipo wazi, linanitazama. Nikahesabu makosa tisa, kisha kumi na moja. Hakuna hata moja lililokwenda kushoto. Hakuna hata moja lililokwenda kulia. Yote yalikuwa mbele au nyuma, milimita moja, moja na nusu.

Mkono wa mtu anayetetemeka hukosea kila upande. Mzembe naye hukosea kila upande. Huyu alikosea mbele na nyuma tu.

Nikafumba jicho langu la kushoto. Nikanyoosha kijiti nigusie ncha ya ndoano, na winchi yote ikalala bapa kama picha ya gazetini. Kijiti kikapita mbele ya ndoano, hewani. Nikajaribu tena kikapita nyuma. Milimita moja. Nikafumbua jicho, nikagusa mara ya kwanza.

Milimita moja kwa kipimo kile ni kiganja. Najua, hesabu za mezani haziendi hivyo hadi kazini, mita sitini kwenda chini zina mambo yake. Lakini kiganja ni kiganja. Nikautazama mkono wa mdogo wangu uliokuwa mezani, vidole vitatu vikichezea kipande cha chaki, na lile lori la mwezi wa tatu likanijia lote, na vioo vyake na ngazi yake.

"Msasa," mwenyekiti akasema. "Zamu yako. Sifa kwanza."

"Namba zimenyooka," nikasema. "Mistari imenyooka. Chochote kilicho bapa hakina kosa."

"Vizuri. Umekua," mfamasia akasema akitabasamu.

Ningeweza kuishia hapo. Nawaambia ukweli, nilitaka kuishia hapo. Bwana Juu ndiye aliyenileta kwenye chama hiki. Ndiye aliyenifundisha kunyoosha waya kwa kuuvingirisha kati ya vioo viwili. Nikisema, naweza kumshusha kutoka kwenye kazi pekee anayoijua, na kama nimekosea, mwenyekiti atanionyesha mlango na atakuwa na haki. Nisiposema, Jumatatu kutakuwa na ngazi kumi na mbili za zege, na mikono ya mdogo wangu imeinuliwa.

"Kasoro," nikasema. "Kuna viungo kumi na moja havikukutana. Hiki hapa. Hiki. Hiki waya. Huyu si mtu wa kukosea hivi."

"Miezi kumi na minne, Msasa," mwenyekiti akaniwahi. "Mtu huchoka."

"Mchovu hukosea ovyo. Hivi vyote vimekosea mbele au nyuma. Njoo uone mwenyewe. Fumba jicho moja, halafu jaribu kugusa hiyo ndoano."

"Sasa hayo ya kufumba macho yametoka wapi?"

Nikageuka nikakiangalia kile kisogo. "Bwana Juu, jicho lako moja halioni."

Mfamasia aliweka mkono mdomoni. Mwenyekiti akasimama hadi kichwa chake kikagonga taa, na vivuli vyetu vikaanza kuyumba ukutani.

"Msasa! Hapa tunakosoa modeli, hatukosoi watu!"

"Modeli ndiyo imesema. Mimi nimeisoma tu."

"Nilikuonya mwezi wa pili. Nilikuonya au sikukuonya?"

"Ulinionya."

Mdogo wangu alikuwa anatutazama mmoja mmoja, chaki imeganda mkononi. "Dada," akasema polepole, "unajua unachokisema?"

"Najua."

Bwana Juu hakutikisika. Sheria ilimtaka anyamaze, naye akaishika sheria, lakini niliyaona masikio yake yakirudi nyuma kama ya mtu anayeuma meno. Jasho lilitoka chini ya nywele likateremka taratibu hadi kwenye ukosi wa shati.

"Wamemaliza?" akauliza ukuta.

Mwenyekiti alinitazama. "Wamemaliza," akasema.

Bwana Juu akainuka, akakigeuza kiti, akakaa tena akiwa ametuelekea. Uso wake ulikuwa umevimba kwa hasira. "Miaka ishirini na mitatu," akaniambia. "Nimepandisha hospitali nzima na shule tatu. Wewe umeshika nini? Meno ya vibogoyo. Leo unanifundisha macho?"

"Sikufundishi."

"Umeshamfukuza kinyozi wa watu. Sasa ni zamu yangu, si ndiyo? Unataka ubaki na meza peke yako?"

Ilinichoma. Ilinichoma kwa sababu ilikuwa na ukweli ndani yake. Nilichukua kijiti kipya cha meno, nikakilaza mezani mbele yake.

"Gusa ncha ya ndoano," nikasema. "Mara moja tu. Ukiigusa, nakuomba radhi mbele ya hawa wote, natoka, na sirudi tena. Mwenyekiti shahidi."

Alikichukua kijiti kwa dharau. Alivuta kiti, akainama. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Ulikwenda moja kwa moja, kwa uhakika wote, ukapita mbele ya ndoano ukagusa hewa.

Akarudisha mkono. Akaenda tena, polepole zaidi, na kijiti kikapita nyuma. Nilimwona akigeuza kichwa kidogo, akiutafuta upande ambao dunia ingemrudia ilivyokuwa. Mara ya tatu alikwenda haraka, kwa hasira, na kijiti kikamwangusha yule mtu mdogo mwenye kofia. Alianguka kifudifudi bila sauti.

Mdogo wangu ndiye aliyemwinua. Alimwinua kwa kidole gumba na cha shahada, akamsimamisha vizuri, akamshikilia mpaka akatulia.

"Kaka," akasema bila kuinua macho. "Ni jicho gani?"

Bwana Juu alikilaza kijiti. Hasira ilikuwa imemtoka yote, na bila hasira alionekana mdogo. "La kushoto."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana mwishoni. Ulianza ukungu. Halafu ukungu ukawa giza."

"Na vipimo?" mfamasia akauliza, akishindwa kujizuia. "Si mnapimwa kila mwaka?"

"Tunapimwa. Nesi anasema funika jicho moja usome, halafu funika lingine usome." Akatuonyesha. Akafunika jicho la kushoto kwa mkono wa kushoto. Kisha akashusha mkono ule, akainua wa kulia, akaupitisha juu ya pua, akafunika jicho lile lile. "Nilibadilisha mkono. Nesi alikuwa anaandika."

Mficha maradhi kilio humuumbua, hivyo ndivyo tunavyosema, na huwa tunasema haraka haraka kwa sababu kilio huwa cha mwingine.

"Huko juu nafanya kwa vivuli," Bwana Juu akaendelea, kama mtu aliyefunguliwa mfereji. "Na kwa redio. Namsikiliza huyu akinihesabia, tatu, mbili, moja, basi. Nikimsikia, sikosei."

"Siku ile redio yangu ilikata," mdogo wangu akasema.

"Ilikata."

"Ukashusha."

"Niliona imefika, nikalegeza waya." Akajishika paji la uso. "Nilidhani naona imefika."

Hakuna aliyetaja upepo. Mdogo wangu aliitikia kwa kichwa mara moja, kama aliyesomewa kitu alichokuwa akikijua. Bwana Juu alitoa simu mfukoni, akaisogeza karibu na uso, akatafuta namba. Tulimsikia akizungumza na msimamizi wa kazi.

"Jumatatu usinipange juu. Hapana. Hapana, si mafua. Sababu nitakuja kuiandika mwenyewe kwa mkono wangu... Na kile kitabu cha ajali cha mwezi wa tano, kiwe mezani."

Akakata. Mfamasia alikuwa analia kimya kimya. Mwenyekiti alizungusha futi yake shingoni, akaizungusha tena, kisha akanijia akanishika bega.

"Nisamehe," akasema. "Leo ulimi wako umefanya kazi ya daktari."

Na mimi, Mungu anajua, nilijisikia vizuri. Moyoni nilikuwa nimesimama wima. Niliwaza kwamba sasa hata kinyozi akisikia ataelewa. Niliwaza kwamba jina langu si baya kiasi kile.

"Msasa," Bwana Juu akaniita. Alikuwa ananitazama kwa jicho lile moja zima, na halikuwa na chuki, lilikuwa linauliza tu. "Uliliona lini?"

Ningesema leo. Wote walikuwa wanategemea niseme leo. Lilikuwa neno fupi, lingetosha, na pale chumbani hakuna ambaye angelipinga. Nikafungua mdomo kulisema.

"Mwezi wa tatu," nikasema. "Kwenye lori."

Mkono wa mwenyekiti ukaniachia bega.

"Sikujua ni jicho. Lakini niliona kuna kitu. Vioo havikukaa, ngazi haikugusa. Nilijua si kazi yako. Nilitaka kusema."

"Ukasema rangi imetulia," Bwana Juu akasema. "Nakumbuka. Nilirudi nyumbani nimefurahi. Nikasema, kama Msasa hakuona, basi bado naweza."

Mdogo wangu alifungua mkono wake wa kushoto juu ya meza, kati ya chaki na vijiti vya meno, akaanza kuhesabu kwa kidole cha mkono mwingine. Mwezi wa tatu, akagusa gumba. Wa nne, akagusa cha shahada. Wa tano, akagusa cha kati. Hapo akaishia, maana mbele yake hapakuwa na kingine. Akainua macho, akaniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka tuliwahi kuonana wapi.

"Nilikuwa nimeonywa," nikasema. "Mwenyekiti alinionya. Sheria ilikuwa..."

"Dada."

Bwana Juu akainuka kwenye kiti chake. Hakukisukuma kwa hasira. Alikigeuza tu, taratibu, mpaka kikaelekea ukutani kama siku zote, akasimama pembeni yake akasubiri.

Nikaenda nikakaa.

Nilikuwa nimeshakaa pale mara nyingi, na siku zote nilikuwa najua kitakachosemwa, kwa sababu kazi zangu nazikosoa mwenyewe kabla ya mtu. Ukuta wa fundi cherehani una ufa mwembamba unaoanzia kwenye swichi na kushuka hadi kwenye msumari wa kalenda. Niliufuata kwa macho, kwenda na kurudi. Nyuma yangu kiti kilisogezwa, na nilizitambua pumzi za mdogo wangu kama ninavyozitambua tangu analala miguuni kwangu.

"Sifa kwanza, si ndivyo mnavyofanya?" akauliza.

"Ndivyo," mwenyekiti akajibu kwa sauti ndogo.

"Dada yangu alinilisha kwa kijiko siku tisa. Hakukosa hata mlo mmoja. Supu ikiwa ya moto alikuwa anaionja kwanza yeye. Na watu wote wanajua kwamba hajui kudanganya. Hata mimi nilikuwa najua hivyo."

Nilimsikia akiokota kijiti cha meno, kisha akikiweka.

"Kasoro ni moja. Siku ya tatu nilimuuliza kama ulikuwa upepo."

Ukikaa kwenye kiti kile huruhusiwi kujibu mpaka mwenyekiti aseme watu wamemaliza. Nikakaa nimeutazama ufa, nikamsubiri aseme. Hakusema.